Waliouguza Hadi Wakachoka: Wahudumu wa Afya wa Kagera na Mzigo wa Wito

Vitabu vya kumbukumbu za sharika huhesabu mambo mengi. Huhesabu waliobatizwa na waliopata Kipaimara, majengo yaliyowekewa mawe ya msingi, kengele zilizoletwa kwa meli, na wachungaji waliopokezana madhabahu. Inapofika sura ya huduma ya afya huhesabiwa vitanda, zahanati na magari ya wagonjwa, na picha ya daktari wa kwanza hupewa ukurasa wake. Jambo moja halihesabiwi popote, nalo ni uchovu wa wale waliofanya kazi yenyewe. Muuguzi aliyekesha wodini miaka thelathini huandikiwa sentensi moja, kwamba alitumika kwa uaminifu mpaka alipostaafu. Ni sentensi nzuri na ya kweli, ila imeficha mengi.

Sura hii inasimulia upande huo uliofichika katika mkoa wa Kagera, ambako Kanisa la Kilutheri limewahudumia wagonjwa kwa zaidi ya karne moja. Wahudumu wa afya wa mkoa huu wamebebeshwa mizigo ambayo ni mikoa michache ya Tanzania iliyoionja yote kwa pamoja. Itaonekana kwamba Kanisa liliwafundisha watumishi wake neno wito, likawadai mengi kwa jina la neno hilo, na kwa muda mrefu likasahau nusu ya pili ya urithi uleule.

Nyumba mama na kilichovuka bahari

Wamisionari wa Kilutheri waliofika Bukoba mwaka 1910, wakiongozwa na Ernst Johanssen, walitumwa na Misheni ya Bethel. Misheni hiyo ilianzishwa Berlin mwaka 1886, na mwaka 1906 makao yake yakahamishiwa Bethel, karibu na mji wa Bielefeld nchini Ujerumani. Hapo palikuwa na taasisi kubwa ya kuwatunza wagonjwa wa kifafa na wenye maradhi ya akili, ambayo Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alikuwa akiiongoza tangu mwaka 1872. Kwa hiyo misheni iliyoleta Injili ya Kilutheri Buhaya ililelewa miongoni mwa wagonjwa. Haikuwa ajabu kwamba kila ilipokwenda ilibeba Biblia na bendeji pamoja.

Nguvu ya Bethel ilikuwa masista wa diakonia wa nyumba ya Sarepta, iliyoanzishwa mwaka 1869 kwa kufuata mfano wa Kaiserswerth, ambako Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianza kazi hiyo mwaka 1836. Sista hakupokea mshahara. Alipewa mavazi, chakula, malazi na fedha kidogo za mfukoni. Hakuolewa, na alikwenda popote nyumba mama ilipomtuma. Saa zake za kazi zilikuwa nyingi mno, na wapo walioharibikiwa afya wakiwa bado vijana. Mtu akitaka kujua kwa nini katika hospitali za Kanisa neno wito lina uzito kuliko neno ajira, hana budi kuanzia hapo.

Lakini agano lile lilikuwa la pande mbili, na upande wa pili hausimuliwi sana. Nyumba mama nayo iliahidi. Sista akiugua, atauguzwa na wenzake. Akichoka, atarudishwa nyumbani apumzike. Akizeeka, atapata chumba katika nyumba ya masista wazee, na akifa atazikwa katika makaburi ya masista. Hakuachwa peke yake na mambo aliyoyaona wodini, maana jioni alikaa meza moja na wanawake walioona mambo yaleyale.

Kilichovuka bahari na kuota mizizi Bukoba kilikuwa nusu ya kwanza ya agano. Dresa, mkunga na muuguzi wa Kihaya walifundishwa kujitoa kama sista, hali wao walikuwa na mume au mke, watoto, kibanja cha migomba, wazazi wa kutunzwa na wadogo wa kulipiwa ada. Nyumba mama hawakuwa nayo. Udogo wa mshahara ulielezwa kwa lugha ya sadaka. Ilidhaniwa kwamba ukoo ndio nyumba mama ya Mwafrika: ungempokea mtumishi akichoka, ungemlisha akizeeka, ungemzika akifa. Kwa miaka mingi dhana hiyo ilikuwa kweli, na kwa sababu hiyo haikuulizwa. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari Wajerumani, ya Pili ikawaondoa tena na Waswidi wakaja kushika nafasi. Uhuru ukaja mwaka 1961, Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka Oktoba 1978. Katika mabadiliko hayo yote ukoo ulisimama, na mtumishi akaegemea hapo.

Miaka ya Juliana

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini Tanzania walitoka mkoa wa Kagera. Wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, kwa kuwa waliougua mwanzoni wengi walikuwa watu wa biashara hiyo. Kipimo cha kutambua maambukizi hakikuwapo duniani mpaka mwaka 1985. Utafiti uliofanywa mkoani mwaka 1987 ulionyesha kuwa katika mji wa Bukoba watu wazima 24 kati ya kila 100 walikuwa na VVU, na katika wilaya za Bukoba Vijijini na Muleba 10 kati ya kila 100.

Takwimu hizo zimetajwa katika mikutano na semina nyingi, kwa kawaida kama habari za wagonjwa. Aghalabu haikumbukwi kwamba muuguzi aliyezisikia alikuwa naye ni mtu mzima wa Bukoba au wa Muleba. Alikuwa wa umri uleule, wa kijiji kilekile, na huenda mumewe alikuwa wa biashara ileile. Asubuhi alimwosha mgonjwa, na mchana alijiuliza kikohozi chake mwenyewe kilikuwa cha nini.

Kazi yenyewe ilibadilika sura. Hospitali za Kanisa zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya malaria, uzazi, ajali na upasuaji, yaani maradhi ambayo mgonjwa hufika amebebwa na mara nyingi huondoka akitembea. Sasa wodi zilijaa vijana waliodhoofika, wenye kuhara kusikokoma, kifua kikuu, mkanda wa jeshi na vidonda vya mdomoni, na hapakuwa na dawa ya chanzo cha hayo yote. Wagonjwa walilala wawili kitanda kimoja, na wengine sakafuni kati ya vitanda. Muuguzi wa zamu ya usiku, pengine na mhudumu mmoja tu wa kumsaidia, alibadilisha shuka, alifunga dripu, alifumba macho ya waliofariki, na alfajiri alikabidhi zamu kwa kutaja vitanda vilivyobaki wazi. Vitu vya kumlinda vilikuwa haba. Glovu zilifuliwa, zikaanikwa, zikapakwa poda, zikavaliwa tena. Sindano zilichemshwa. Mkunga aliyegundua baada ya kuzalisha kwamba glovu yake ilikuwa imetoboka alinawa mikono kwa sabuni na kumpokea mzazi aliyefuata.

Pamoja na hayo kulikuwa na mzigo wa kujua na kunyamaza. Wauguzi walijua kilichomuua nani. Walikaa kanisani Jumapili wakisikia tangazo kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, wakamwona mjane kwenye benchi la mbele akiwa na mtoto mchanga mgongoni, na walijua yaliyomngoja. Maadili ya kazi yaliwafunga midomo, na walifanya vema kunyamaza. Hata hivyo siri inayotunzwa na mtu mmoja kwa ajili ya kijiji kizima ni mzigo, na hakuna aliyewekwa kuwasaidia kuubeba.

Nyumbani nako hapakuwa na pumziko. Katika mila za Wahaya wafu huzikwa kibanjani, karibu na nyumba, na majirani huacha kazi za shamba ili kukaa matanga. Misiba ilipofuatana mno, vijiji vingi vilipunguza siku za matanga, maana migomba ilikuwa inaachwa bila kupaliwa na watu walikuwa wanatoka msiba mmoja kuingia mwingine. Jambo hilo limeandikwa kama badiliko la mila. Kwa muuguzi lilikuwa na maana zaidi, kwa kuwa yeye hakuwa hata na siku hizo chache. Aliyeaga dunia mikononi mwake usiku hakuwa ndugu yake kwa hesabu ya ofisi, hivyo hakukuwa na ruhusa ya msiba. Akiwa na waliokufa watatu kwa juma, alipaswa kuwaomboleza wakati gani?

Ndipo ile nyumba mama ya Kiafrika ilipobomoka. Ukoo uliotegemewa kumpokea mtumishi aliyechoka ndio uliokuwa unakufa. Muuguzi, kwa kuwa alikuwa na mshahara hata kama ni mdogo, na kwa kuwa alijua dawa, akageuka yeye kuwa nguzo ya wote. Watoto wa kaka walihamia kwake. Majirani walimgongea mlango saa nane za usiku, wakimwita mama nesi, na hakuweza kusema kwamba zamu yake imekwisha. Mtu aliyesomewa kwenye mafunzo yake kwamba atawatunza wagonjwa saa za kazi alijikuta hana saa ambayo si ya kazi.

Dalili zilionekana na kila mtu, ila zilisomwa vibaya. Muuguzi aliyejulikana kwa ucheshi akawa mkali. Mwingine akaacha kuwaita wagonjwa kwa majina, akawaita kwa namba za vitanda. Mwingine akawa anachelewa zamu, au ananyamaza siku nzima, au anaiona chupa kuwa rafiki. Watu wakasema kwamba manesi wa siku hizi hawana huruma kama wa zamani, na mimbari hazikukawia kuunga mkono. Mfano wa Msamaria Mwema ulihubiriwa mbele ya wauguzi kana kwamba wao ndio kuhani na Mlawi waliopita kando. Mahubiri hayo hayakuwa ya haki. Msamaria wa Injili alimhudumia majeruhi mmoja, akamwachia mwenye nyumba ya wageni fedha za matunzo, akaendelea na safari yake. Muuguzi wa Kagera wa mwaka 1990 alikuwa ndiye Msamaria na ndiye mwenye nyumba ya wageni, na fedha hazikuachwa.

Haki inadai pia kutaja yaliyofanyika vema. Huduma ya Watoto, inayojulikana kwa jina la Huyawa, ilianzishwa na Dayosisi ya Kaskazini Magharibi mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya yatima. Kusudi lake halikuwa kuwapumzisha wauguzi. Hata hivyo muuguzi aliyemwona mama akifa na kuacha watoto wanne sasa alikuwa na mahali pa kupeleka habari zao, badala ya kubaki na swali hilo rohoni peke yake. Wageni waliokuja kuandika ripoti juu ya Huyawa walihesabu yatima, na ndivyo ilivyopasa. Nafuu ya aliyebaki wodini haikuwa na safu katika majedwali yao.

Kisha mizigo mingine ikaongezwa juu ya huo. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa siku moja au mbili, wengi wakiwa wameona mauaji kwa macho yao. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu, na familia nyingi za Kagera zikapoteza wapendwa siku moja. Hayo yamesimuliwa kwingineko kwa urefu. Hapa inatosha kusema kwamba kipindi hichohicho serikali, katika masharti ya marekebisho ya uchumi, ilizuia kwa kiasi kikubwa ajira mpya, na kuanzia mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za umma. Wahudumu hawakuongezeka wakati kazi ilipoongezeka.

Jina la uchovu huu

Uchovu wa namna hii ulikuwa umekwisha kupewa jina la kitaalamu kabla ya Juliana. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea jioni katika kliniki ya bure jijini New York baada ya kazi zake za mchana, aliandika makala kuhusu wafanyakazi wa kujitolea walioanza kwa moto na kuishia kuwa majivu. Mwenyewe alikuwa mmoja wao. Baada yake Christina Maslach wa California alitengeneza kipimo, kilichochapishwa mwaka 1981, chenye kutazama mambo matatu: kuishiwa nguvu za moyo, kumtazama anayehudumiwa kama kitu badala ya mtu, na kuona kwamba kazi uliyofanya haina maana. Atakayelinganisha la pili na malalamiko ya watu wa Kagera kuhusu manesi wasio na huruma ataona kwamba wanakijiji na mtaalamu waliona kitu kimoja. Wanakijiji walikiita dhambi.

Shirika la Afya Duniani limeuingiza uchovu huo katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, kwa maelezo maalumu kwamba si ugonjwa wa mtu bali ni hali itokanayo na kazi isiyosimamiwa vema. Tofauti hiyo si ndogo. Ukiwa ugonjwa, hutibiwa aliyeugua. Ukiwa hali ya kazi, huulizwa waliopanga kazi, na katika hospitali za Kanisa waliopanga kazi ni pamoja na bodi, halmashauri na dayosisi.

Walutheri hawakuhitaji kungoja Marekani kufundishwa hilo. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Martin Luther alibaki pamoja na mwenzake Bugenhagen. Nyumba yake ikawa kama hospitali, huku mkewe Katharina akiwa mjamzito na Luther mwenyewe akiwa ametoka katika miezi ya ugonjwa na huzuni nzito. Mwaka huo aliandika waraka kwa Johann Hess wa Breslau, aliyetaka kujua iwapo Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Waraka huo hutajwa mara kwa mara kwa jibu lake la kwanza, kwamba wachungaji, watawala na wote wenye dhamana ya kuwatunza wengine hawana ruhusa ya kuwaacha. Jibu la pili limesahauliwa. Luther alisema kwamba mahali penye watumishi wa kutosha, nao wakapatana baina yao nani abaki na nani aondoke, aliyeondoka hana hatia. Aliwakemea pia wale wanaodharau dawa na kujitia hatarini bila sababu wakidhani ndiyo imani. Kwa maneno mengine, wito kwa Luther una ratiba ya zamu ndani yake. Jumuiya yote hudaiwa kuhakikisha kwamba wapo wa kutosha, na mtu mmoja hadaiwi kujaza nafasi ya watano.

Eliya naye, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, alilala chini ya mretemu akitamani kufa. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji akamwacha alale, kisha akamwamsha akampa tena. Mafunzo ya uchungaji wa hospitalini yatolewayo KCMC Moshi humfundisha mchungaji kusikiliza kwanza kabla ya kuomba. Ni somo ambalo sharika nyingi bado hazijalifikia. Katika maombi ya Jumapili madaktari na wauguzi hutajwa, na huombewa nguvu za kuendelea. Ni nadra kusikia wakiombewa mtu wa kuwapokea zamu.

Dawa na karatasi

Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza makali ya VVU. Waliokuwa wodini wakati ule waliona jambo ambalo hawakulitazamia: mgonjwa aliyeletwa kwa machela akirudi baada ya miezi kwa miguu yake, amenenepa, akitaka kujua kama anaweza kulima. Muuguzi aliyezoea kwa miaka ishirini kumwandaa mgonjwa afe kwa heshima alianza kumwandaa aishi. Hakuna semina ya kupunguza msongo ambayo ingefanya kazi iliyofanywa na dawa zile. Moyo uliokauka kwa kushindwa ulianza kuchangamka kwa kuona kazi yake inazaa matunda, na hapo panaonekana wazi kwamba tatizo halikuwa huruma iliyopungua.

Lakini uchovu ulibadilisha mavazi. Wagonjwa walioishi walihitaji kuhudumiwa maisha yao yote. Kliniki za tiba na matunzo zikawa na foleni tangu alfajiri, na kila mgonjwa akaja na kadi, faili, rejesta na ripoti ya mwezi, na mara nyingi ripoti ya pili kwa mfadhili aliyetaka hesabu zilezile katika mpangilio tofauti. Muuguzi wa miaka ya Juliana alichoshwa na vifo, na mrithi wake akachoshwa na karatasi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000, mishahara ya serikali ilipoboreshwa na ajira zikafunguliwa, wahudumu wengi wa hospitali za Kanisa walihamia serikalini. Walioondoka waliambiwa wameacha wito. Waliobaki walirithi zamu zao.

Mwaka 2012 suala hili lilifika barabarani. Madaktari waligoma kuanzia Januari, wakagoma tena Juni, wakidai mishahara na posho za mazingira hatarishi, pamoja na vifaa vya kazi na mazingira bora. Kiongozi wao mmoja alitekwa mwezi huo wa Juni na kuumizwa vibaya. Wagonjwa waliteseka, na wapo wasiousamehe mgomo huo hadi leo. Katika mabishano ya siku zile, wengi walisema daktari mwenye wito hagomi. Neno lililozaliwa katika nyumba ya masista, pamoja na ahadi ya chumba cha uzeeni na meza ya pamoja, lilitumiwa sasa na watu wasiotaka kusikia lolote kuhusu chumba wala meza.

Korona na Marburg

Korona ilipofika nchini Machi 2020, wahudumu wa Kagera walifahamu haraka kuliko wengine maana ya ugonjwa usio na dawa. Takwimu za wagonjwa ziliacha kutangazwa mwezi Mei mwaka huo, na chanjo zikaanza kutolewa Julai 2021. Kati ya miezi hiyo wauguzi waliwahudumia wenye shida ya kupumua na kurudi nyumbani kwa watoto wao, wakihofia walichobeba katika nguo zao. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watumishi wa afya wapatao 115,500 walikufa kwa korona duniani kati ya Januari 2020 na Mei 2021.

Machi 21, 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika wilaya ya Bukoba Vijijini ni homa ya Marburg, ambayo haikuwahi kutangazwa Tanzania kabla ya hapo. Waliougua walikuwa tisa, na sita kati yao walifariki. Wawili kati ya wagonjwa hao walikuwa watumishi wa afya, na mmoja wao alifariki. Waliomuuguza walikuwa wenzake. Marburg huambukizwa kwa majimaji ya mwili, hivyo anayemgusa mgonjwa ili kumsaidia ndiye aliye hatarini zaidi, kama ilivyokuwa kwa mkunga mwenye glovu iliyotoboka. Safari hii mavazi ya kujikinga yalikuwapo. Ndani ya mavazi hayo jasho huteremka hadi buti kujaa, na mgonjwa haoni uso wa anayemhudumia ila macho tu.

Kwa kanuni za kimataifa mlipuko hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, nazo zilitimia Juni 2, 2023. Januari 20, 2025 Marburg ilitangazwa tena mkoani, safari hii wilayani Biharamulo, na wote kumi waliohesabiwa kuwa wameugua walifariki. Machi 13, 2025 mlipuko huo nao ulitangazwa kwisha. Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, siku ya kazi. Wauguzi wa Biharamulo walivaa sare zao za kawaida na kuingia zamu ya asubuhi.